Nyoka Katika Kikombe cha Mama Lan

Kitambaa kipya kina harufu yake, na aliyekulia ndani yake haisahau: wanga mkavu, vumbi la kontena, na kwa mbali kitu kama maji ya mchele. Wiki iliyopita nilikwenda Jeppestown, hapa Johannesburg, kutafuta bitana ya koti, na miguu ikanipeleka yenyewe mpaka mlango nilioujua. Ndani hapakuwa na kitambaa hata kipande. Palikuwa na vifuniko vya simu, mamia kwa mamia, vimetundikwa ukuta mzima. Dada aliyekuwa akiuza aliniuliza natafuta nini, nikamwambia nimekosea duka. Sikukosea. Nilisimama nje upande wa jua, nikashangaa kwamba kilichonijia hakikuwa huzuni. Ilikuwa pumzi, ile pumzi ndefu anayoishusha mtu aliyetua ndoo ya maji kutoka kichwani. Niliishusha kwa mara ya kwanza ndani ya duka lile, nikiwa na miaka tisa.

Mama yangu alikuwa fundi wa nguo. Alitoka Bukavu na mkasi wake, na katika duka lile la vitambaa alipata pembe moja: meza ndefu ya kukatia, cherehani, na kioo kirefu cha kujaribia nguo kilichoegemezwa ukutani. Mwenye duka alikuwa mwanamke Mchina ambaye wateja wetu Wakongomani walimwita Mama Lan, kwa sababu kwetu mwanamke mzima haitwi jina tupu. Alitoka mji wa pwani huko kwao, na jina la mji huo alilitamka kama mtu anayepuliza chai ya moto. Kiswahili alikuwa amekiokota kwa wanawake waliokuja kununua vitenge. Alijua rangi zote, alijua kusema "hapana, dada, hapo mwisho," na hakuna mteja aliyetoka bila kuulizwa habari ya watoto. Palipobaki pengo alilijaza kwa Kiingereza cha dukani na kwa mikono.

Mimi nilikuwa na kiti changu, robota la kitambaa cha pazia rangi ya haradali ambacho hakuna aliyekitaka, limewekwa mbele kabisa ya kioo. Nikikaa pale niliona duka lote bila kugeuza shingo. Niliona wanawake wakijivuta matumbo ndani mbele ya utepe wa Mama. Niliona wanaume wakijitazama kwa siri wakidhani hawaonekani. Nadhani kwa muda fulani nilisahau kabisa kwamba duka lilikuwa pia nyuma yangu. Nililijua kwa kioo.

Kanuni za kazi za Mama zilikuwa chache, na moja ilikuwa nzito kuliko nyingine zote: aliyelala hapimwi. Niliijua kwa sababu siku moja nilimlaza mwanasesere wangu mezani nikamwekea utepe kutoka kisogoni hadi kisiginoni, na Mama akaninyang'anya utepe kwa nguvu ambayo sikuizoea. Mteja hupimwa amesimama, alisema, hata akiwa mzee, hata akiwa mjamzito wa siku zake. Akishindwa kusimama anasubiriwa. Anayepimwa amelala ni maiti. Na kweli mzee mmoja wa kanisa letu alipofariki chumbani kwake Troyeville, wanaume walikuja kuazima utepe wa Mama wakampelekee seremala vipimo vya jeneza, na mimi niliwaona wakiondoka nao. Walipourudisha, Mama hakuugusisha tena kwenye shingo ya mtu yeyote. Aliuviringisha, akautia ndani ya mfuko wa karatasi, akanunua mwingine.

Papa, ndivyo nilivyomwita baba yangu na ndivyo ninavyomwita hata leo, alikuwa mlinzi wa ghala, zamu ya usiku. Asubuhi alipita dukani kunywa chai na Mama kabla ya kwenda nyumbani kulala. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, isipokuwa usingizini. Usingizini alikoroma kama lori linalopanda mlima na mzigo wake, na majirani wa pande zote mbili walijua saa aliyolala na saa aliyoamka. Jumapili alitoka kazini moja kwa moja mpaka kanisani, bado amevaa sare ya kampuni, na kwa aibu ya sare hiyo alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Siku moja mgeni aliyekuja kuhubiri alifika amechelewa, akamkuta pale, akamkabidhi funguo za gari na kumwomba aliangalie. Papa akazipokea. Akalilinda gari mpaka amina ya mwisho. Nyumbani alitusimulia akicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Aliendelea kuchambua mchele, na mchele ule ulichambuliwa muda mrefu sana.

Ilikuwa majira ya baridi, shule zimefungwa, kwa hiyo siku zangu zote zilikuwa za robota na kioo. Baridi ya Johannesburg ni kavu. Inapasua midomo na kuacha anga ya bluu tupu, kana kwamba haikufanya kitu. Papa alikuwa na kikohozi alichokipata getini, kikohozi kirefu, na nilikuwa nimeanza kukisikiliza. Asubuhi moja Mama alinituma spaza, kile kiduka cha mtaani, kununua maziwa. Niliporudi, duka lilikuwa kimya. Nikapanda kwenye kiti changu, nikainua macho.

Ndani ya kioo Papa alikuwa amelala chali juu ya meza ya kukatia. Alikuwa bila viatu. Mikono yake ilikuwa juu ya kifua, mmoja juu ya mwenzake, na macho yamefungwa. Mama alikuwa amemwinamia, kitambaa cheusi kimemning'inia begani, na mkononi ana utepe. Aliuweka begani kwa Papa. Aliushusha mkononi, kutoka kwapani hadi kwenye kifundo. Kisha akauvuta polepole kutoka kiunoni kwenda chini, mpaka kisiginoni.

Na Papa hakukoroma. Hilo ndilo lililonikata maini. Mtu aliyekoroma maisha yangu yote alikuwa kimya kama jora la kitambaa.

Mama aliniona kiooni. Akaja kwa ncha za vidole, akaniinamia sikioni. Macho yake yalikuwa yameloa. "Sifa," akaninong'oneza, "uliyoona umeona. Papa yako asijue. Hata kidogo."

Robo saa baadaye Papa aliketi, akajinyoosha, akanywa chai yake, akanivuta sikio kwa utani na kuondoka akikohoa. Nikaelewa, kwa akili ya mtoto inayounganisha vitu haraka kuliko cherehani. Hajafa bado. Amepimwa mapema. Mama anajua, yeye hajui, na mimi nimewekwa upande wa wanaojua.

Ukishaingia katika jambo la namna hiyo, dunia yote inakuletea ushahidi. Wanawake wa kwaya walianza kuja dukani na kuongea wakiwa wamegusanisha vichwa. Walizungumza juu ya maua. Mmoja aliuliza ni picha ipi ya Papa itakayowekwa mbele ya karatasi ya ibada, na mwenzake akasema wachukue ile ya zamani, ambayo bado ana mashavu. Walichagua kitenge cha aina moja wote, zambarau na majani meupe, wakapimwa mmoja mmoja. Kwetu watu huvaa kitenge kimoja kwenye harusi na kwenye msiba, na mimi nilitazama huku na huku sikuona bibi harusi. Siku moja Papa aliingia ghafla, na wanawake sita kwa pamoja wakaanza kulalamikia bei ya nyanya.

Nikaacha kula. Sikuamua. Sombe ya Mama, kisamvu nilichokuwa nikikilamba mpaka kwenye mwiko, ilifika kooni ikakataa kushuka. Asubuhi Papa alipolala nyumbani nilikaa kizingitini nikisikiliza. Akikoroma nilipumua, na akinyamaza kidogo, kama wafanyavyo wote wanaokoroma, nami nilinyamaza mpaka lori lake lipate gia tena. Mama alinigusa paji la uso mara nyingi kwa siku. Alinipeleka kliniki, nesi akanitazama ulimi na masikio, hakuona kitu. Mke wa mchungaji aliniwekea mikono. Wote waliniuliza nina nini, na mimi nilifunga mdomo. Nilikuwa nimepewa siri na mama yangu, na siri ya mama haitolewi kwa nesi.

Aliyegundua ni Mama Lan, na aligundua kwa sababu ya robota. Nilikuwa sikai tena pale. Nilikuwa nakaa chini, nyuma ya kaunta, mgongo wangu umeelekea kioo.

Kabla ya kusimulia alichofanya, lazima niseme kuhusu maneno manne. Mume wa Mama Lan, mtu mrefu mwembamba aliyependa redio na mizaha, alikuwa na maneno manne ya Kichina aliyomtupia mkewe kila mara. Ikivuma habari mtaani kwamba kuna fujo ya kushambulia maduka ya wageni inakuja, Mama Lan alikuwa wa kwanza kushusha mlango wa chuma. Tulikaa gizani, sisi na majora, tukisikilizana pumzi. Saa zikapita, hakuja mtu. Basi mumewe aliuinua mlango, jua likaingia, akamtazama mkewe na kusema: *bei gong she ying*. Kisha akacheka, akatugeukia sisi wengine na kusema mambo sharp, mambo sharp, yaani yote shwari. Nilidhani ni tusi, kwa jinsi Mama Lan alivyoinamisha uso.

Siku ile Mama alikuwa ametoka kwenda kununua nyuzi. Mama Lan alininyanyua kutoka nyuma ya kaunta, nikiwa mzito kidogo kwa miaka yangu lakini mwepesi kuliko wiki mbili zilizopita, akaniketisha juu ya kigoda. Akamimina chai ndani ya kikombe kidogo kisicho na mkono. Akanyoosha kidole kuelekea robota, akainua nyusi. Nikatikisa kichwa. Hakusisitiza. Akaenda kwenye meza ya Mama, akachukua ile rula ya mbao iliyopinda, ya kukatia makwapa, akaitundika kwenye msumari juu yangu. Kisha akakisogeza kikombe huku na huku mpaka akaridhika.

"Tazama," akasema.

Ndani ya chai palikuwa na kitu chembamba, cheusi, kimepinda, na maji yalipotikisika nacho kilijinyonganyonga.

"Nyoka?" akaniuliza. Neno hilo alilijua.

Nikarudi nyuma mpaka kigoda kikalia. Naye, bila kuniambia nisiogope, akaanza kunisimulia, kwa maneno yale machache aliyokuwa nayo na kwa mikono yake miwili. Zamani sana, kwao, bwana mkubwa alimwalika mtu anayefanya kazi chini yake. Akampa kikombe cha pombe. Mgeni akatazama ndani, akaona nyoka mdogo anaogelea. Lakini kikombe ametoka kupewa na mkubwa wake, atakikataaje? Akakinywa. Akaenda nyumbani, na tangu siku hiyo tumbo linauma, kifua kinauma, chakula hakipiti, nyama zinamwisha. Waganga wakaja, waganga wakaondoka. Mama Lan alijivuta mashavu ndani kwa vidole viwili ili nione jinsi mtu yule alivyokonda.

Niliielewa hadithi ile kuliko nilivyowahi kuelewa hadithi yoyote. Na mimi nilikuwa nimepewa kikombe na mkubwa wangu. Na mimi nilikinywa.

Basi bwana mkubwa, alisema, akasikia kwamba mgeni wake anakufa. Akaenda kwake. Akamuuliza: umeona nini kwangu? Mgeni akasema. Bwana akarudi nyumbani, akakaa palepale alipokaa mgeni, akafikiri, akafikiri. Halafu akageuza shingo. Ukutani palikuwa na upinde umetundikwa. Mama Lan aligeuza shingo yake polepole, nami nikaifuata, mpaka tukafika kwenye rula. Hapo bwana akatuma gari la kukokotwa, mgonjwa akabebwa, akaketishwa chumba kilekile, kiti kilekile, kikombe kilekile. Nyoka yupo? Yupo. Sasa geuka, tazama ukutani.

Na yule mtu akapona palepale, alisema Mama Lan, akapiga mikono yake kama mtu anayekung'uta unga.

Nilimuuliza kama hiyo ndiyo maana ya yale maneno manne ya Bwana Lan. Akashangaa kwamba niliyashika. Akayahesabu kwenye vidole vyangu: kikombe, upinde, nyoka, kivuli. Kisha akasema kitu ambacho nimekibeba tangu siku ile, kwa Kiswahili chake kilichokatika: "Bwana Lan anasema nyoka, nyoka, anacheka. Bibi yangu anasema mwenye nyumba, bwana mkubwa. Mwenye nyumba mzuri. Anakwenda kuuliza."

Akanitazama. Na kwa mara ya kwanza katika wiki mbili, mdomo wangu ukafunguka.

"Mama Lan, papa yangu atakufa siku gani?"

Hakucheka. Akaweka kikombe chini, akanishika mkono, tukakaa hivyo mpaka Mama aliporudi na nyuzi zake. Wakaenda kusimama nyuma ya majora. Nilisikia sauti ya Mama Lan, fupifupi, kisha nikasikia mfuko wa nyuzi ukianguka na vigurudumu vyake vikisambaa sakafuni, na hakuna aliyeinama kuviokota. Mama akatoka akaja kupiga magoti mbele yangu, akaishika miguu yangu yote miwili. Alifungua mdomo kunieleza. Lakini Mama Lan alimgusa bega, akatikisa kichwa, akaonyesha robota.

"Kesho," akasema. "Asubuhi. Palepale."

Nimefikiri sana kwa nini hakumwacha Mama aniambie tu. Nadhani alijua kwamba ningeambiwa nisingesadiki. Mgonjwa wa ile hadithi hakutumiwa barua. Alibebwa.

Kesho yake jua lilikuwa limelala chini kama siku ile, likiingia mlangoni kwa ubavu. Niliketi kwenye robota, mikono imekaza kitambaa. Papa akaja, akanywa chai, na Mama akamwambia ajinyooshe mezani kidogo kabla ya kutembea nyumbani, naye akavua viatu bila kuuliza. Akaweka mikono juu ya kifua. Akafumba macho. Mama akachukua utepe.

Kiooni akawa tena maiti, na Mama akawa tena yule mwanamke mwenye kitambaa cheusi begani.

"Nyoka yupo?" sauti ya Mama Lan iliuliza nyuma yangu.

"Yupo," nikasema.

"Geuka."

Nikageuka. Nilikuwa sijawahi kuitazama pembe ya Mama kwa macho yangu nikiwa nimekaa pale, siku zote niliiona kupitia kioo, na kioo kilikata upande mmoja. Upande huo palikuwa na kabati, na mlango wa kabati ulikuwa wazi, na ndani yake suti imetundikwa. Nyeusi, mkono mmoja bado haujaunganishwa, nyuzi nyeupe za kushikizia zikipita kifuani kama njia za siafu. Ilikuwa nguo ya mtu atakayesimama. Hata mimi niliweza kuona hilo. Ilikuwa na mfuko wa kalamu.

Mama alikuwa akinitazama mimi, utepe ukiwa bado begani kwa Papa.

"Mabega nilipima," akasema. "Mkono nilipima. Suruali nilipima. Urefu wote sikupima, Sifa. Urefu wote ni wa jeneza, na miye si mjinga. Nilisali kwanza, nikapima vipandevipande."

Kisha yote yakamtoka kama uzi uliokatika kwenye gurudumu. Kwamba kanisa linaandaa ibada ya shukrani kwa ajili ya Papa, miaka kumi tangu afike mji huu. Kwamba ataitwa mbele, na hawezi kuitwa mbele na sare ya geti. Kwamba angempimaje, mtu ambaye angeulizwa angesema usihangaike, na ambaye nguo zake zote zilikuwa za kampuni, mikono mirefu, viuno vya mtu mwingine, ukizipima unapata vipimo vya kampuni. Ni usingizini tu ndipo alipotulia. Na kama nilimwona na machozi siku ile, ni kwa sababu mabega yale yalikuwa yamepungua, naye hakujua mpaka utepe ulipomwambia.

Hapo akashtuka, akaziba mdomo kwa mkono. Alikuwa amesema yote kwa sauti, mita moja kutoka kwenye sikio la mwenyewe.

"Papa Sifa," akaita polepole. "Umelala?"

"Nimelala," akajibu Papa, macho yamefumbwa.

Wa kwanza kucheka alikuwa Bwana Lan, aliyekuwa kaunta na redio yake, ambaye sikujua kama Kiswahili chake kilifika hapo. Mama alisimama na utepe wake, hajui aupige mtu au aukunje. Tangu lini unajua, alimuuliza. Papa akafungua jicho moja, akasema tangu siku ya kwanza, tangu baridi ya utepe ilipomgusa shingoni. Alifungua macho kidogo akaona kitambaa, akaelewa, akayafumba tena. Alizuia kikohozi, alizuia kila kitu.

"Na mtu anayejifanya amelala," akasema kwa aibu, akinitazama mimi sasa, "husahau kukoroma."

"Kwa nini hukusema?" Mama akauliza.

"Ungekosa siri yako. Nilikuona unavyofurahi nayo."

Mama akampiga na utepe. Ulikuwa mwepesi, haukuumiza mtu. Halafu akaketi kwenye ukingo wa meza, mgongo kwa mgongo na Papa aliyekuwa ameinuka, wakatetemeka wote wawili kwa kicheko ambacho upande wa Mama kilikuwa na maji ndani yake.

Mimi nilishuka kwenye robota. Pumzi ilinitoka, ndefu, na ilipokwisha kutoka niligundua kwamba nilikuwa na njaa kama ya mbwa. Mama Lan alinipa mkate wake. Kisha mkate wa Bwana Lan. Kisha nikaketishwa tena chini ya rula na kile kikombe cha chai, nikatazama ndani, nyoka wa rula alikuwa bado yumo, nikamnywa.

Kikohozi cha Papa kiliondoka baridi ilipoondoka. Siku ya shukrani alikaa kiti cha mbele, mgongo wima kwa hofu ya kukunja koti, na picha yake yenye mashavu mikononi mwa kila mtu, na kwaya ya zambarau nyuma yake. Baada ya ibada nilimwona akienda mlangoni, akasimama karibu na kiti chake cha zamani, akakitazama. Hakuna aliyempa funguo.

Nilipokua niliyatafuta yale maneno manne. Simulizi ya zamani kabisa niliyoipata imo katika kitabu kinachozungumzia mambo ya ajabu ambayo watu huyadhani mizimu, na humo ugonjwa wa mgeni na kupona kwake vimechukua nafasi kubwa. Karne kadhaa baadaye inasimuliwa tena ikiwa na watu wengine, na safari hii ni rafiki ambaye alikuwa hajaonekana muda mrefu, mwenyeji wake akataka kujua kwa nini. Halafu hadithi ikafupishwa, kama ambavyo hadithi nzuri hufupishwa na wanaoharakisha, mpaka yakabaki maneno manne: kikombe, upinde, nyoka, kivuli. Leo hutumika kumwambia mtu kwamba anaogopa bure. Ukiyatazama vizuri utaona aliyeachwa nje. Maneno manne hayana nafasi kwa gari la kukokotwa, wala kwa bwana mkubwa aliyeacha shughuli zake akaenda kuuliza. Ilianza kama hadithi ya tiba, ikaishia kuwa kejeli.

Sisemi Bwana Lan alikuwa mtu mbaya. Kejeli yake ilikuwa njia yake ya kuinua mlango wa chuma kila asubuhi. Lakini sisi tuliokulia mji huu tunajua kwamba ziko siku fujo ilikuja kweli, siku ambazo nyoka alikuwa nyoka, na maneno manne hayakuweza kutofautisha. Anayeweza ni yule anayekwenda kuuliza na kugeuza shingo. Ndiyo maana mimi nayatumia kwa maana ya bibi yake Mama Lan. Rafiki akiniambia ameona kitu kinachomnyima chakula, simwambii ni kivuli. Namuuliza alikuwa amekaa wapi.

Mama Lan na mumewe walifunga duka wakaenda kuishi karibu na binti yao, mbali na hapa. Kabla ya kuondoka alimwachia Mama kile kioo. Kipo sebuleni kwetu Bezuidenhout Valley, na nimekuja kuandika haya mbele yake, kwa sababu mchana hapa pana mwanga mzuri. Papa sasa hafanyi zamu tena. Analala mchana kwenye kiti kirefu nyuma yangu, na mpaka dakika hii lori lake lilikuwa likipanda mlima.

Limenyamaza. Najua ni kawaida ya wanaokoroma. Nageuka hata hivyo.

"Papa?"

"Nimelala."